Kumsindikiza Kijana Aliyekwama Hadi Ajitegemee: Mwongozo Kamili kwa Wazazi, Walimu na Majirani wa Mombasa

Watu wengi mjini Mombasa, wakiwamo walimu waliostaafu, maustadhi, viongozi wa vijana makanisani, mashangazi na majirani wenye moyo mwema, hujitolea kumsaidia kijana aliyemaliza shule na kubaki nyumbani mwaka baada ya mwaka, na wengi wao huanguka pale pale. Kikao cha kwanza huenda vizuri. Kijana huitikia kila neno, huahidi kwamba Jumatatu ataamka mapema kutafuta kazi, kisha Jumatatu hupita, simu haipokelewi, na msaidizi huishia kusema kwamba vijana wa siku hizi hawasaidiki.

Mara nyingi kinachoharibu kazi hii ni kwamba msaidizi amekuja na jibu kabla ya kuuliza, kisha amejitwika mzigo wote. Kijana aliyekwama hakosi mawaidha, kwa maana ameyasikia nyumbani, msikitini, kanisani na maskani wanapokaa vijana wenzake. Anachokosa ni ushahidi wa karibuni, wa kwake mwenyewe, kwamba akiamua jambo, jambo hilo hufanyika. Hatua zilizomo humu zimepangwa kwa ajili ya kumrudishia ushahidi huo, ndiyo maana nyingine zitaonekana ndogo mno. Tafadhali usiziruke.

Kwa neno kijana nakusudia mtu mzima. Katiba ya Kenya inamtaja kijana kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafika 35, na hilo lina uzito katika kazi yetu, kwa sababu mtu mzima huwezi kumwamulia. Unaweza kumsindikiza tu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Madaftari mawili, lako na lake. Lake alinunue mwenyewe au alichague mwenyewe dukani.
- Saa moja kila juma kwa majuma 12, siku na saa ile ile. Ukijua huwezi kutoa muda huo, ni afadhali usianze, kwani atakayeachwa katikati atahesabu hilo kuwa kushindwa kwake kwingine.
- Mahali pa wazi pa kukutana: veranda ya nyumba, maktaba ya umma, au bustani ya Mama Ngina wakati wa jioni. Vijana wengi, hasa wavulana, huzungumza kwa urahisi wakitembea ubavuni mwako kuliko wakikaa mkitazamana. Kama wewe ni mwanamume na unamsindikiza binti, au kinyume chake, mkutane mahali mnapoonekana na watu, kwa heshima yake na yako.
- Bahasha au faili moja ya makaratasi.
- Majina ya watu watatu unaowafahamu wenye kazi za mikono, duka au ofisi, ambao wako tayari kujibu maswali ya kijana kwa dakika kumi. Usiwaombe kazi. Waombe dakika hizo tu.
- Nauli kidogo ya akiba, ambayo utaitoa kwa mpango maalumu kama nitakavyoeleza. Anayetoka Likoni akumbuke kwamba kuvuka kwa miguu katika feri hakulipiwi, hivyo hesabu ya nauli ianzie upande wa kisiwani.

Saa za vikao zifuate maisha ya mji. Ijumaa adhuhuri iacheni, Jumapili asubuhi iacheni, na mwezi wa Ramadhani sogezeni kikao baada ya alasiri au baada ya tarawehe.

## Hatua ya 1: Pambanua kukwama na ugonjwa

Tumia mazungumzo mawili ya mwanzo kujua kama huyu amekwama tu au anaumwa. Mtu ambaye kwa majuma kadhaa hapati usingizi au hulala mchana kutwa, ambaye hana hamu ya chakula, hafurahii tena hata mpira alioupenda, husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anatumia heroini, au anatafuna muguka, majani ya kusisimua mwili yanayofanana na miraa, tangu asubuhi mpaka usiku wa manane, anahitaji matibabu kwanza. Ukimpa ratiba ya kutafuta kazi unamrundikia kushindwa juu ya kushindwa.

Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kama amewahi kufikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo kichwani. Halimtii, na mara nyingi humpa nafuu, kwa sababu hatimaye amepata mtu aliyethubutu kuliuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Mshirikishe mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini, na mfikisheni hospitalini siku hiyo hiyo. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani na hospitali ya Port Reitz zinapokea wagonjwa wa aina hii. Kwa jambo la dawa za kulevya, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na haitozwi pesa.

Mafanikio ya hatua hii ni wewe kuweza kueleza kwa sentensi mbili ni wapi kijana amekwama, na yeye akizisikia aseme kwamba ndivyo ilivyo.

## Hatua ya 2: Fanya makubaliano na watu wa nyumbani

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na ndipo ningependa utulie zaidi.

Kijana wa Mombasa haishi peke yake. Anaishi na mama, pengine na nyanya, na ami anayekuja jioni kuuliza habari, na ndugu wadogo wanaomwona akilala wakati wao wanakwenda shule. Kila neno la nyumba hiyo linaweza kujenga au kubomoa mliyoyafanya kwa juma zima. Mzazi anayesema, "Mwenzako wa jirani keshanunua tuktuk," anadhani anamchochea, kumbe anamfundisha kujificha.

Kwa hiyo omba kikao kimoja na mzazi, kijana akiwapo. Mkubaliane mambo matatu. La kwanza ni siri: yale ambayo kijana atakwambia hutayafikisha nyumbani, isipokuwa maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. La pili ni maneno: mzazi ataacha kulinganisha kwa muda wa mwezi mmoja, naye kijana ataacha kudanganya alikokwenda. La tatu ni wajibu mmoja wa nyumba ambao utakuwa wa kijana kabisa.

Mazungumzo na mama huwa hivi, kwa kiasi kikubwa:

"Mama, nakuomba jambo moja mwezi huu. Akirudi, usimuulize kama amepata kazi."

"Na nikinyamaza, mwalimu, si ndiyo atalala zaidi?"

"Hutanyamaza. Utamuuliza lile alilosema Jumamosi kwamba atalifanya. Hilo moja tu, na ukimuuliza, msikilize mpaka amalize."

Kuhusu wajibu wa nyumba, chagueni kitu chenye hesabu ndani yake. Ninachokipendekeza mara nyingi ni maji. Katika mitaa mingi ya Mombasa mifereji hukauka, na nyumba hununua maji ya madumu ya lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mpeni kijana kazi hiyo yote: ahesabu madumu yanayotumika kwa juma, ampigie simu mwenye mkokoteni kabla maji hayajaisha, apatane bei, alipe kwa pesa atakazopewa na mzazi mwanzoni mwa juma, na aandike katika daftari kilichobaki. Mzazi asimkumbushe. Maji yakiisha, nyumba nzima itajua, na yeye atajifunza bila mtu kumpigia kelele. Yasipoisha kwa majuma mawili, kijana tayari amepanga, amepatana, amelipa na ameweka hesabu, na hayo ndiyo mambo ambayo mwajiri au mwenye nyumba atayataka kwake baadaye.

Kwa binti hali inaweza kuwa kinyume. Mara nyingi binti anayesemwa kwamba hafanyi lolote ndiye anayepika, anayefua, anayelea watoto wa dada yake na kumhudumia bibi mgonjwa. Kabla ya kumpa wajibu mpya, kaa naye mhesabu saa anazotumikia nyumba kwa siku moja, kisha mwonyeshe mama hesabu hiyo kwa upole. Jambo la kuomba hapo ni asubuhi mbili kwa juma ambazo hataitwa jikoni. Mama akikataa, usiendelee na hatua nyingine kana kwamba amekubali. Rudi tena juma linalofuata, ukiwa pamoja na shangazi au mtu mwingine anayesikilizwa katika nyumba hiyo.

Onyo: usikubali kuwa mpelelezi wa mzazi. Siku kijana atakapogundua kwamba maneno yake yamefika kwa baba yake kupitia kwako, kazi imekwisha.

## Hatua ya 3: Iandikeni siku yake ilivyo

Katika kikao cha kwanza cha kazi, usiulize, "Unataka kuwa nani?" Swali hilo humkumbusha kijana umbali wote uliobaki, na kwa kawaida atatoa jibu la kukuridhisha tu. Uliza, "Jana uliamka saa ngapi? Ukafanya nini baada ya hapo?"

Andikeni siku nzima, saa kwa saa, katika daftari lake, kwa mkono wake. Saa nne asubuhi kuamka. Saa tano chai na mahamri yaliyobaki. Saa tano na nusu simu, mpaka adhuhuri. Alasiri maskani. Magharibi nyumbani, kisha simu tena mpaka saa nane za usiku. Usitoe hukumu, wala usitikise kichwa. Ukimaliza, mwambie aweke alama mbili: moja penye saa anayojisikia ana nguvu, nyingine penye saa anayojisikia vibaya zaidi.

Alama hizo mbili zina faida kubwa. Saa ya nguvu ndipo mtakapoweka hatua zake za juma, hata kama ni saa kumi ya jioni. Saa mbaya ndiyo inayokwambia anachokikimbia. Wapo ambao saa mbaya ni asubuhi, wanaposikia wenzao wakipita kwenda kazini, na hao hulala mpaka mchana ili wasiisikie. Ukilijua hilo, unaacha kumwita mvivu.

Kisha sikiliza maneno yake yenye dalili ya kutaka mabadiliko, hata yakiwa madogo kama "Nimechoka kuomba nauli." Yarudie kwake kama alivyoyasema, na umuulize, "Umechoka vipi? Nieleze." Maelezo yanayotoka kinywani mwake yana nguvu juu yake kuliko hotuba yako nzima.

Hatua imefaulu ikiwa amezungumza zaidi yako, na ameondoka na daftari bila wewe kumkumbusha.

## Hatua ya 4: Kamilisheni makaratasi

Hatua hii ni ya haraka, lakini ina manufaa mawili: inaondoa vizuizi vya kweli, na inampa kijana kazi zenye mwanzo na mwisho unaoonekana. Aende mwenyewe. Wewe mwelekeze tu njia.

Anahitaji kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, namba ya utambulisho ya mlipakodi ambayo wengi huiita PIN ya KRA, akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), vyeti vya shule, na usajili wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali. Sehemu kubwa ya huduma hizo inapatikana Huduma Centre, iliyoko katika jengo la Posta, Barabara ya Digo. Cheti cha tabia njema kutoka polisi huombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, halafu mwombaji huenda kuchukuliwa alama za vidole. Kisiombwe mapema mno, kwa kuwa waajiri wengi hutaka cha karibuni. Anayetaka kazi ya jikoni au ya hoteli ataulizwa pia cheti cha afya cha wanaoshika vyakula.

Wengi hukwama kwenye cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kilichobaki shuleni kwa sababu ya deni la karo. Kijana na ajue kwamba sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya hairuhusu shule wala mtu yeyote kuzuilia cheti cha mtahiniwa. Aandike barua fupi yenye adabu kwa mwalimu mkuu akiomba cheti chake, abaki na nakala, na akikataliwa apeleke nakala hiyo katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Usimwandikie barua. Mwachie aandike rasimu, kisha msome pamoja.

Nauli ya safari hizi ndiyo ile akiba niliyoitaja. Mpe ya kwenda, na ya kurudi umpe baada ya kukuonyesha risiti au jina la afisa aliyemhudumia. Kwa anayekaa mbali, kama Mtwapa au Miritini, mpe zote mbili, maana kumwacha mtu mjini bila nauli si malezi.

## Hatua ya 5: Majaribio matatu badala ya ndoto moja

Kijana aliyekwama huogopa kuchagua vibaya, kwa hiyo hachagui kabisa. Mwondolee hofu hiyo kwa kumwambia kwamba kwa sasa hachagui kazi ya maisha. Anajaribu kazi tatu tofauti, kila moja kwa siku mbili au tatu, kisha atasema ni ipi angeweza kuivumilia hata siku mbaya.

Mombasa ina nafasi nyingi za majaribio kama haya. Anaweza kumfuata muuza mboga wa jumla Kongowea, ambako biashara huchangamka kabla ya jua kuchomoza, na hapo atajua kwa siku moja kama mwili wake unaweza saa hizo. Anaweza kukaa na fundi wa friji au wa umeme. Anaweza kukaa katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini akipanga makaratasi. Kwa anayetaka hoteli, msimu ni jambo la kuzingatiwa: miezi ya mvua, Aprili hadi Juni, hoteli za pwani hupunguza watu, kwa hiyo barua za maombi zipelekwe kabla ya msimu wa Desemba, na si baada ya Pasaka.

Wale watu watatu uliowaandaa ndio sasa wanafaa. Kijana awapigie simu mwenyewe.

Akipata anachokipenda, mweleze njia za kusoma bila kumtisha. Aliyepata alama ya jumla ya D katika KCSE anaweza kuomba kozi za cheti katika vyuo vya ufundi, aliyepata C- anaweza kuomba diploma, na aliyepata E ana ngazi ya ufundi stadi, zote kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo. Aliyejifunza kazi mikononi mwa fundi bila kukaa darasani anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, akaanzia Gredi ya Tatu, na cheti hicho kinatambuliwa na waajiri. Jambo hili halisemwi vya kutosha katika mitaa yetu, na wapo vijana wanaochomelea milango kwa ustadi huku wakijiona hawakusoma.

Onyo la kutiliwa mkazo: wakati huu ndipo mawakala wa kazi za Saudia na Ghuba humtokea kijana. Kabla hajatoa senti, ahakikishe kwamba wakala huyo ameidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, asome mkataba kabla ya kusafiri, na aache nakala ya pasipoti na mkataba kwa mtu wa nyumbani. Wakala anayekataa kutoa mkataba mpaka siku ya ndege aachwe.

## Hatua ya 6: Hatua moja kila juma, yenye saa na mahali

Huu ndio moyo wa kazi yote. Kila kikao kiishe na jambo moja, lililoandikwa na kijana katika daftari lake kwa mpangilio huu: nitafanya nini, wapi, siku gani na saa ngapi, na kikitokea kizuizi nitafanya nini.

Kisha uliza swali hili: "Toka sufuri hadi kumi, una uhakika kiasi gani kwamba utalifanya?" Akitaja chini ya saba, hatua ni kubwa. Ipunguzeni. Usimwambie ajitahidi zaidi. Akitaja nne, muulize kwa nini hakusema moja, na atakueleza mwenyewe nguvu alizonazo. Halafu muulize ni kitu gani kingeifikisha saba.

Nikupe mfano. Kijana mmoja wa Kisauni alitaka kujifunza umeme wa majumba. Hatua aliyoiandika kwanza ilikuwa "kutafuta fundi", na uhakika wake ulikuwa tatu. Ikapunguzwa kuwa kumpigia simu fundi mmoja wa Mwembe Tayari tuliyekuwa na namba yake. Nne. Kilichomzuia ni sauti: aliogopa kwamba angebabaika. Ikapunguzwa tena kuwa kuandika ujumbe pale pale kikaoni na kuutuma Jumatano saa kumi jioni, saa yake ya nguvu. Nane. Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: "Shikamoo mzee. Naitwa fulani, nakaa Kisauni. Nimepewa namba yako na mwalimu. Naomba kuja kuangalia kazi siku moja, nibebe vifaa. Siku gani itakufaa?" Sehemu ya kizuizi aliandika: "Asipojibu mpaka Ijumaa, nitapita dukani kwake saa kumi na kumsalimia."

Fundi hakujibu. Ijumaa kijana akapita. Sentensi ile ya kizuizi ndiyo iliyomtoa nyumbani, kwani alikuwa ameshaamua kabla ya kuvunjika moyo, na hakuhitaji kuamua upya akiwa na huzuni.

Kikao kinachofuata kianze na hatua hiyo, kabla ya salamu ndefu. Kama ameifanya, muulize aliifanyaje, na mwache aeleze kwa urefu, maana maelezo hayo ndiyo ushahidi tunaoutafuta. Kumsifu kwa maneno makubwa kunampotezea nafasi ya kujisifu mwenyewe. Kama hakuifanya, angalieni ni sehemu gani ya mpangilio iliyokosa, saa, mahali au ukubwa, muirekebishe na kuiandika upya.

Dalili ya mafanikio, kwa kawaida baada ya mwezi hivi, ni kwamba kijana anakuja na hatua yake tayari ameiandika nyumbani.

## Hatua ya 7: Pesa ya kwanza

Kijana aliyekaa muda mrefu bila pesa akipata shilingi 800 za kibarua anaweza kuzimaliza siku hiyo hiyo kwa marafiki waliomnunulia chai kwa miaka, na si vibaya kulipa fadhila. Lakini mgawo uamuliwe kabla ya siku ya malipo. Mgawo rahisi ni wa mafungu manne: nauli na chakula cha kurudi kazini kesho, mchango wa nyumbani hata ukiwa mdogo, akiba iliyowekwa pasipoweza kutolewa kwa simu, na yake ya kutumia apendavyo. Mchango wa nyumbani aukabidhi mama kwa mkono wake. Nyumba nyingi hubadilisha sauti kuanzia siku hiyo.

Kuhusu mikopo, asianze nayo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali unaopatikana kwa *254#, humkopesha mtu binafsi kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, hutakiwa kurejeshwa ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba. Inafaa kwa mwenye biashara inayozunguka haraka, kama viazi karai au matunda, ambaye ataiuza bidhaa yote kabla ya siku hizo kwisha. Haifai kwa kununua simu wala kulipa deni la kamari. Ukigundua kwamba anacheza kamari ya simu, lizungumze hilo kabla ya akiba, kwa sababu mtu anayecheza hawezi kuwa na akiba.

Akipata kazi ya miezi mitatu au zaidi, aombe mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka hivyo.

Watu huuliza kama kujitegemea ni lazima kuhama nyumbani. Hapa pwani si lazima. Binti anaweza kuishi kwa wazazi mpaka aolewe na bado akawa mtu anayejitegemea, ikiwa anaamua juu ya kazi yake, anashika pesa yake na anachangia nyumba. Kwa anayetaka kuhama, fanyeni hesabu katika daftari: kodi ya mwezi wa kwanza, amana ambayo kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi, stima, maji, gesi au makaa, godoro, nauli, na mchango wa SHA ambao kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kisha aweke akiba kiasi cha kodi hiyo kwa miezi mitatu mfululizo akiwa bado nyumbani, kana kwamba anamlipa mwenye nyumba. Akiweza miezi mitatu, ataweza kupanga, na pesa ya kuingilia ameshaipata.

## Hatua ya 8: Atakaporudi nyuma

Atarudi nyuma. Atakosa kikao, atagombana na fundi, atalala siku nne. Litarajie na umwambie mapema, katika kikao cha pili au cha tatu, kwamba litatokea, na mkubaliane mtafanya nini.

Makubaliano yanayofaa ni haya: asipokuja, utamtumia ujumbe mmoja usio na lawama, kama "Leo sikukuona, nipo Jumamosi ijayo saa ile ile." Hutampigia mara kumi, wala hutamwendea mama yake. Jumamosi ijayo utakaa pale pale kwa saa nzima, awepo asiwepo. Akikosa mara tatu mfululizo, mtembelee nyumbani mara moja, muulize kama anataka kuendelea, na ukubali jibu lake. Jibu la hapana linalotolewa kwa uwazi ni uamuzi wa mtu mzima, na mlango ubaki wazi.

Anaporejea, msianze upya kutoka mwanzo. Fungueni daftari mahali mlipoishia na muandike hatua ndogo kuliko ya mwisho.

## Hatua ya 9: Kujiondoa

Yale majuma 12 yakiisha, kutaneni kila baada ya majuma mawili, kisha mara moja kwa mwezi. Wengi hushindwa hapa kwa sababu wamezoea kuhitajiwa. Jipime: akikupigia simu na tatizo, je, unampa jibu, au unamuuliza amefikiria nini?

Kabla ya kikao cha mwisho, hakikisha ana watu wengine wawili wa kuwaendea, mmoja wa kazi na mmoja wa rika lake aliye mbele yake kidogo. Katika kikao chenyewe, mwambie afungue ukurasa wa siku yake mliouandika mwanzoni, na pembeni yake aandike siku ya jana, saa kwa saa. Akimaliza, daftari ni lake, aende nalo. La kwako, kwa kuwa lina siri za mtu, lichane na ulichome.